Uzito Uliosingiziwa: Turin, 1985

Kila viongozi wa Ulaya wanapokaa kujadili ununuzi wa silaha kwa pamoja, hadithi ya Turin hutolewa kabatini. Mwaka 1985, husimuliwa, mataifa matano yalikaribia kuunda ndege moja ya kivita, yakashindwana kwa sababu ya uzito. Wafaransa walitaka nyepesi, iweze kutua pia kwenye manowari; wenzao walitaka kubwa zaidi, ya kuwinda ndege za adui. Wahandisi hawakuelewana, kila mtu akashika njia yake. Simulizi hii inapendwa na wanasiasa, na si ajabu, kwani inawatoa lawamani.

Wazo la kuunda silaha kwa pamoja lilikuwa la zamani. Mkataba wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya, uliotiwa saini Paris tarehe 27 Mei 1952, ulikuwa na kifungu cha 107 ambacho siku hizi hakisomwi na mtu: kilikataza nchi mwanachama kutengeneza, kuingiza au kuuza nje zana za vita bila kibali cha chombo cha pamoja. Hakuna waziri wa leo ambaye angethubutu kupendekeza jambo hilo. Bunge la Ufaransa liliuzika mkataba huo tarehe 30 Agosti 1954 kwa kura 319 dhidi ya 264, na tangu hapo kila mradi ukategemea mawaziri waliokuwa madarakani wakati huo. Ndege ya kivita ya Tornado ya Waingereza, Wajerumani na Waitaliano, chini ya kampuni ya Panavia tangu 1969, ilitokana na utaratibu huo.

Turudi kwenye uzito. Desemba 1983 wakuu wa majeshi ya anga ya Uingereza, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia na Uhispania waliafikiana juu ya sifa za ndege waliyoitaka. Lakini mwaka huohuo Uingereza ilikuwa imekwisha kutoa fedha za ndege ya majaribio, EAP, na kampuni ya Ufaransa ya Dassault ilikuwa na ya kwake, iliyokuja kuitwa Rafale A. Yaani waliofika mezani kuchora ndege moja walikuwa na michoro miwili mfukoni. Ufaransa ilidai ndege isizidi takriban tani 9, na pamoja na hilo ikadai Dassault iongoze ubunifu na ipewe karibu nusu ya kazi. Sasa ipime Rafale iliyopo leo: tupu, bila mafuta wala kombora, ina takriban tani 10. Kama tani moja ndiyo iliyowatenganisha, mbona Wafaransa waliimeza bila kelele walipobaki peke yao?

Kuwaita Wafaransa wenye kiburi hakutoshi. Charles Hernu, waziri wao wa ulinzi, alikuwa na Dassault, iliyouza ndege za Mirage dunia nzima bila mshirika, na kampuni ya Snecma iliyokuwa ikitengeneza injini mpya, M88. Kukubali nafasi ya pili kungemaanisha kurudi Paris na kuwaambia wafanyakazi wa Snecma kwamba injini itatoka kwingine. Michael Heseltine, waziri mwenzake wa Uingereza, alikuwa na mzigo uleule, wake ukiitwa Rolls-Royce. Tofauti ni kwamba Heseltine alikuwa na wenzake wa Tornado, viwanda vilivyokwisha zoeana. Tarehe 1 Agosti 1985, mjini Turin, nchi hizo tatu za Tornado ziliamua kuendelea bila Ufaransa. Uhispania ikajiunga nazo mwezi uliofuata.

Heseltine namheshimu. Tarehe 9 Januari 1986 aliondoka katikati ya kikao cha Baraza la Mawaziri na kujiuzulu, kwa sababu alitaka kampuni ya helikopta ya Westland iokolewe na viwanda vya Ulaya badala ya Sikorsky ya Marekani. Wanaosema alikuwa akikitolea macho kiti cha Waziri Mkuu Thatcher tu wanasahau alichokuwa amekifanya Turin miezi mitano kabla.

Kilichoishikilia ndege ya nchi hizo nne, Eurofighter, baadaye hakikuwa urafiki. Kazi iligawanywa kwa asilimia: 33 Uingereza, 33 Ujerumani, 21 Italia, 13 Uhispania. Bawa la kushoto likaenda Italia, sehemu ya kati ya kiwiliwili Ujerumani, ya mbele Uingereza, na ndege zikaunganishwa katika viwanda vinne. Wachumi huucheka mpango huu, na ni kweli ulipandisha gharama. Ila mwaka 1992 Volker Rühe, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alipotaka kujitoa, alikuta kutoka ni ghali karibu sawa na kubaki. Akaambulia kupunguza gharama na jina jipya, Eurofighter 2000. Ndege iliruka kwa mara ya kwanza Manching tarehe 27 Machi 1994.

  Mvutano huo umejirudia: mwaka 2017 Rais Macron wa Ufaransa na Kansela Merkel wa Ujerumani walitangaza ndege mpya ya pamoja, na haikuchukua muda Dassault na Airbus wakaanza kuvutana juu ya nani aongoze. Uingereza na Italia zimekwenda na Japani kuunda ndege yao. Wateja wa Ghuba hawakusubiri Ulaya ipatane: Oman iliagiza Eurofighter Typhoon 12 mwaka 2012, Falme za Kiarabu zikaagiza Rafale 80 mwaka 2021, na Qatar imenunua zote mbili.