Boljointi ya chini ya Surf na Prado: ibadilishe kabla gurudumu halijalala

Mlio ulianza kwenye matuta ya Naivasha Road, Kawangware. Ko! kila nilipopanda tuta, kisha kimya. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetoka Kwale na watu watano ndani ya Surf yangu ya 1997, na sikusikia kitu. Fundi wa kando ya barabara aliinua gurudumu la mbele, akalitikisa, akaniambia: "Mzee, boljointi imekwisha. Shukuru imekupigia kelele hapa mjini." Naandika haya kwa sababu magari ya aina hii ni mengi kwetu pwani, na wenye nayo wengi hawajui kinachoshikilia gurudumu.

Boljointi ni kifundo: tufe la chuma ndani ya kikombe chenye grisi, lililofunikwa kwa mpira. Huliruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona. Gari hizi zina ya juu na ya chini kila upande. Mpira ukipasuka, grisi hutoka na vumbi huingia. Kwetu huingia pia maji ya chumvi na matope. Baada ya hapo chuma husagana na chuma.

Katika Surf za 1995 hadi 2002 na Prado za 90 za miaka hiyo, boljointi ya chini imefungwa ili ivutwe. Springi husukuma mkono wa chini kwenda chini, ardhi husukuma gurudumu kwenda juu, na mzigo huo hulivuta tufe litoke kwenye kikombe chake. Katika magari mengine mzigo hulikandamiza tufe ndani, kwa hiyo hata ikichakaa haichomoki kwa urahisi. Hii ikichakaa sana huchomoka, gurudumu linalala ubavu na usukani unakuwa hauna kazi. Mwaka 2005 Toyota iliyaita magari yake Marekani kwa ajili ya boljointi za mbele, yakiwemo 4Runner, ambayo ndiyo Surf yetu kwa jina lingine.

Kupima hakuhitaji mashine. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, uinue hadi tairi liachane na ardhi kidogo. Tia stendi chini ya chesi. Ingiza mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue taratibu, mwenzako akitazama boljointi. Ukiona kifundo kinapanda na kushuka chenyewe, imekwisha. Ukilishika gurudumu juu na chini na likacheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, shida ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi. Usingoje mlio, kwani kuna zinazokatika bila kupiga kelele.

Mara ya kwanza nilifanya kosa la wengi: nilinunua ya bei rahisi kwenye duka moja la spea mjini, boksi zuri, stika inang'aa. Fundi wa Kibera aliyeifunga alisita, lakini mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Baada ya miezi minne mpira ulikuwa umechanika na mchezo umerudi. Nilipompelekea halisi ya Toyota, aliziweka zote mbili mezani. Ile ya rahisi ilikuwa nyepesi mkononi, na shingo ya tufe ilikuwa nyembamba. Hakunicheka, ila alisema, "Mkono wangu ni uleule, chuma ndicho tofauti." Tangu hapo siwalaumu mafundi wa jua kali. Ufundi Kibera na Kawangware upo. Hasara huanzia dukani, na mara nyingi mwenye gari ndiye anayeileta.

Ukienda kubadilisha, shika haya:

Nunua halisi, au ya kiwanda cha Japani kinachojulikana, kwa muuzaji atakayekupa risiti. Toa namba ya chesi, maana ya kushoto na ya kulia hazifanani. Badilisha pande zote mbili pamoja.

Usikubali kuchomelewa wala "kujaziwa". Moto huharibu ugumu wa chuma, na kikombe kilichogongwa kwa nyundo hakirudi umbo lake.

Boljointi ya chini hushikwa na bolti nne. Nunua mpya pamoja nayo. Zikazwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari, na nati ya chini itiwe pini mpya.

Jeki ibaki chini ya mkono wakati wote wa kufungua, kwa sababu springi ina nguvu ya kukuvunja mkono wako.

Ya juu imeshindiliwa ndani ya chuma kinachobeba gurudumu, kwa hiyo inataka presi. Fundi akitaka kuitoa kwa nyundo peke yake, tafuta mwingine.

Ukimaliza, pima alaimenti, na ukague bolti tena baada ya wiki moja ya kuendesha.

Kwa wanaoinua gari ili lipite kwenye matope: vipande vya kuinulia springi huipindisha boljointi ya juu hadi karibu na mwisho wa mwendo wake. Hapo uboreshaji wa maana ni mikono ya juu iliyotengenezewa gari lililoinuliwa. Kwa ya chini, uboreshaji bora ni ile ya kiwandani ikiwa mpya, inayokaguliwa kila gari linapoingia sevisi.

Surf yangu bado inashuka Kwale. Kabla ya kila safari naingia chini na tochi kuangalia mipira minne. Ni kazi ya dakika tano.