Picha na Kope za Watoto wa Kongwa

Kongwa, katika nyanda kame za mashariki ya Dodoma, imejulikana duniani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga pasipo kupima vema mvua na udongo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya macho ya watoto, na safari hii kazi ilianza kwa kupima.

Ugonjwa wenyewe ni vikope, au trakoma. Vijidudu vyake huenea kwa mikono, kwa nguo, na kwa inzi watuao juu ya matongo na kamasi. Mtoto huambukizwa tena na tena. Miaka mingi ikipita, upande wa ndani wa kope huingia makovu na kujikunja, nywele zake zikakwaruza jicho hata mtu, na mara nyingi ni mwanamke, akapofuka. Hivyo upofu wa mtu mzima una asili yake utotoni.

Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni nyepesi. Kope ya juu hugeuzwa. Vikionekana ndani yake vipele vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, mtoto huhesabiwa mgonjwa. Walakini macho ya wapimaji si mamoja. Mmoja huona vipele vitano, mwenziwe vinne. Hesabu ikishuka, ni nani atakayejua kama ugonjwa ndio uliopungua, au mpimaji ndiye aliyebadili kipimo chake?

Hapo ndipo picha ilipopata kazi. Sheila West na Hugh Taylor, wataalamu waliofanya utafiti wa trakoma Kongwa, walichapa mwaka 1990 uchunguzi juu ya kiasi ambacho picha za kope zaweza kutegemewa. Picha haikuondoa mkono wa mganga, kwani sharti kope igeuzwe na mtoto atulizwe. Tena picha ni bapa, na kipele kidogo huweza kufichika. Faida yake ni kwamba hubaki. Watu wawili walio mbali huweza kuitazama pasipo kujua ni ya kijiji gani, na hukumu ya leo ikalinganishwa na ya zamani.

Kipimo kilichoaminika kiliwezesha kuuliza swali kubwa zaidi: uso safi wafaa nini? Mwaka 1995 yalitolewa matokeo ya vijiji 6 vya Kongwa, vyenye watoto 1,417 wa miaka 1 hadi 7. Vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka. Katika vitatu wazazi walihimizwa pia kuwaosha watoto nyuso. Huko trakoma kali ilipungua zaidi.

Basi neno likarudi kwa yule mama aliyekwenda mbali kuteka ndoo moja. Kwake maji ni ya kunywa na kupikia kwanza. Hapana budi aonyeshwe kwamba kiasi kidogo chatosha nyuso nyingi, na kwamba kisima kiwe karibu. La sivyo picha itazidi kuonyesha yale yale.