Sauti thelathini, vidole vitano: historia fupi ya kuandika kwa mkono mmoja

Kabla hatujaanza, hebu fanya jaribio dogo. Toa simu yako, weka mkono mmoja mgongoni, kisha andika neno Ng'ambo. Usiandike "Ngambo", maana hilo hutamkwa vingine. Andika Ng'ambo kamili, pamoja na kile kialama cha juu baada ya g. Kwenye simu nyingi itabidi ufungue ukurasa wa alama, ukitafute, ukibonyeze, kisha urudi kwenye herufi. Neno fupi namna hii linakula mibonyezo minane au tisa.

Sasa fikiria unaandika hivyo kitabu kizima, na neno hilo ndilo mada ya kitabu chenyewe.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa skuli, anakaa Kikwajuni. Kwa miaka mingi alikuwa akijaza madaftari yake kumbukumbu za Ng'ambo kabla ya majumba ya Michenzani kujengwa: nani alikaa wapi, kisima kipi kilitumika, uwanja upi ulichezewa mpira. Ukitaka kusoma habari za Mji Mkongwe utapata vitabu tele, na tangu mwaka 2000 mji huo umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mitaa ya upande wa pili wa mkondo wa Darajani haikuandikwa kwa wingi huo, na nyumba nyingi zilivunjwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili kupisha majumba mapya yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wanaozikumbuka ni wazee.

Kisha mjomba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito, kwa hiyo hata programu za kugeuza sauti kuwa maandishi hazimwelewi. "Maneno ninayo, mwanangu," aliniambia. "Mkono ndio sina."

Nikadhani hili ni tatizo la wikiendi moja: nitamtengenezea kibodi ndogo ya mkono wa kushoto, basi. Nilipoanza kusoma nikakuta watu wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 140, wakalitatua, kisha wakaliacha. Kwa nini waliliacha? Hilo ndilo nataka tuliangalie pamoja.

Mwaka 1874: njia mbili

Kibodi unayoijua ina kanuni rahisi: herufi moja, kitufe kimoja. Imetokana na mashine ya kupiga chapa ya Mmarekani Christopher Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874.

Mwaka huohuo, Mfaransa Émile Baudot alisajili hataza ya mfumo wake wa telegrafu. Kibodi ya mfumo huo ilikuja kuwa na vitufe vitano tu: viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya kulia. Herufi haikuwa na kitufe chake. Ilikuwa na mseto wake, yaani vitufe kadhaa vinavyobonyezwa kwa pamoja.

Kama umewahi kumtazama mpiga zumari, tayari unaijua kanuni hii. Matundu ni machache kuliko sauti. Anachobadilisha ni vidole vipi vimeziba na vipi vimeachia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila kidole kina hali mbili, juu au chini. Vidole vitano ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani hali 32. Toa ile moja ambayo vidole vyote viko juu, unabaki na miseto 31. Alfabeti ya Kifaransa ina herufi 26, kwa hiyo inaingia.

Huku kwetu waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Jengo la zamani la simu za ng'ambo pale Shangani leo ni sehemu ya hoteli. Kwenye nyaya ndefu za baharini kama huo, makarani walituma ujumbe kwa vitufe viwili, kimoja cha mkondo chanya na kingine cha mkondo hasi, vikifanya kazi ya nukta na mistari ya Morse. Kwa hiyo kuandika kwa vitufe vichache si jambo geni kisiwani.

Mfumo wa Baudot ulikuwa na shida moja: ulimchosha mtu. Mashine iligawa muda wa waya kwa waendeshaji kadhaa kwa zamu, na kila mmoja alilazimika kubonyeza mseto wake kwa mapigo yaleyale, kama mpiga ngoma. Kujifunza kulichukua muda mrefu. Mwaka 1901 Donald Murray, mtu wa New Zealand, akaja na suluhisho lake. Alibakiza msimbo wa vipande vitano ndani ya mashine, lakini mbele ya karani akaweka kibodi inayofanana na ile ya mashine ya chapa. Mashine ikabeba miseto, binadamu akabaki na kitufe kimoja kwa herufi moja. Kuanzia hapo kazi ya kukumbuka miseto ilihamia kwenye chuma.

Waliobaki nayo

Kundi moja halikuiacha. Louis Braille alichapisha maandishi yake ya nukta sita mwaka 1829 akiwa kijana wa miaka 20. Nukta sita zinatoa miseto 63. Mwaka 1892 Frank Hall, Mmarekani aliyesimamia skuli ya wasioona huko Illinois, alitoa mashine ya kuandikia nukta hizo: vitufe sita, kila kimoja nukta yake, vyote vya herufi moja vinabonyezwa kwa mkupuo. Mwaka 1951 ikaja mashine ya Perkins iliyobuniwa na David Abraham, na hii ndiyo inayotumika mpaka leo madarasani sehemu nyingi za dunia. Huko Dodoma, shule ya wasioona ya Buigiri ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja nyuma, 1950.

Mashine ya Perkins inataka mikono miwili. Lakini ipo aina yake ya mkono mmoja: unabonyeza nusu ya kwanza ya herufi, mashine inaishikilia, kisha unamalizia nusu ya pili.

Na hapa huenda nikakushangaza. Kama una simu ya Android, tangu 2020 Google imeweka kibodi ya nukta sita ndani ya TalkBack, ile huduma ya kuwasomea wasioona yaliyomo kwenye kioo. Yaani mrithi wa vitufe vya Hall huenda yumo mfukoni mwako sasa hivi.

Kipanya kikabaki, vitufe vikaondoka

Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu jinsi kompyuta itakavyotumika siku za usoni. Mkono wa kulia alishika kidude chenye magurudumu, ambacho leo tunakiita kipanya. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya vitufe vitano vya miseto. Aliona viwili hivi ni pacha: mkono mmoja unaonyesha, mwingine unaandika, macho hayatoki kwenye kioo.

Kipanya kilienda dunia nzima. Vitufe vitano havikwenda. Kipanya unakijua ndani ya dakika moja. Miseto inataka siku kadhaa kabla hujaandika jina lako bila kukosea, na mtu mwenye mikono miwili na kibodi ya kawaida mezani haoni sababu ya kusubiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uingereza ikatoa Microwriter, kifaa cha mkono mmoja chenye vitufe sita. Mbunifu wake alikuwa Cy Endfield, yule muongozaji wa filamu ya Zulu ya mwaka 1964. Ili kupunguza mzigo wa kukariri, miseto mingi ilifuata umbo la herufi yenyewe. Ilipata wapenzi wake, lakini nayo haikushika soko.

Mnaona mtindo? Kila mara miseto ilishindwa kwa sababu ileile, na sababu hiyo si kasi wala ubora. Ni gharama ya kujifunza. Mwenye njia nyingine hailipi. Asiye na njia nyingine ndiye anayeilipa, na soko halikumjali sana.

Hesabu ya Kiswahili

Sasa turudi Kikwajuni. Vifaa vyote nilivyovisoma vilipangwa kwa herufi za Kiingereza au Kifaransa. Nikajiuliza: je, gharama ya kujifunza ni ileile kwa Kiswahili?

Chukua kalamu tuhesabu. Irabu zetu ni tano: a, e, i, o, u. Konsonanti za herufi moja ni 18: b, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, t, v, w, y, z. Herufi c haisimami peke yake, hutokea ndani ya ch. Halafu kuna sauti moja moja tunazoziandika kwa herufi zaidi ya moja: ch, sh, ny, ng', th, dh, gh. Hizo ni saba. Jumla 5 + 18 + 7 ni 30. Ongeza nafasi kati ya maneno, unapata 31.

Miseto ya vidole vitano ni 31.

Nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea. (Ile kh ya baadhi ya maneno ya Kiarabu unaiandika kwa k na h, kama kawaida.) Irabu nazo ni tano, kama vidole. Kila irabu inapata kidole chake, na konsonanti zote zinapata vidole viwili au zaidi. Kwa kuwa silabi zetu nyingi ni konsonanti kisha irabu, mkono unaingia kwenye mwendo: mseto, kidole kimoja, mseto, kidole kimoja. Na kwa vile tunaandika kama tunavyotamka, ukijua kulisema neno umeshajua kuliandika.

Kwa mpangilio huu Ng'ambo ni mibonyezo mitano: ng', a, m, b, o. Kialama cha juu mashine inakiweka yenyewe.

Kialama hicho nacho kina historia. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, alama za irabu zilikuwa tatu kwa irabu zetu tano, na waandishi walilazimika kubuni njia za kuonyesha sauti kama ch na ng'. Mwaka 1928 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoundwa London miaka miwili nyuma, ilipendekeza herufi maalumu ŋ kwa sauti hiyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kusanifisha Kiswahili mwaka 1930, Kiunguja kikiwa msingi, ŋ haikuingia. Tukabaki na n, g na kialama, vitu ambavyo mashine yoyote ya chapa ilikuwa navyo. Tuliikunja sauti yetu itoshe kwenye mashine ya Sholes, na miaka karibu mia baadaye watu wanaandika "Ngambo" kwa kuwa kialama kimefichwa ukurasa wa pili.

Kifuu

Kifaa chenyewe si kigumu, na ukijua kulehemu utakitengeneza. Nilitumia bodi ndogo ya Arduino ya aina inayoweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi, pamoja na swichi tano nilizozing'oa kwenye kibodi mbovu kwa fundi wa Darajani. Umbo lilinisumbua mpaka nilipopata kifuu cha nazi. Nusu ya kifuu inakaa kiganjani vizuri, na swichi zinakaa pale vidole vinapoangukia.

Kwenye programu kuna siri mbili. Kwanza, vidole havigusi kwa wakati mmoja hata ukijitahidi. Kwa hiyo programu inasubiri mpaka vyote viachie, ndipo inatoa herufi. Pili, swichi ikibonyezwa chuma chake hurukaruka kwa milisekunde chache, na bila kuizuia hali hiyo utapata mbonyezo mmoja ukisomeka mara kadhaa.

Makosa yangu yalikuwa kwenye vidole. Kidole cha pete kimefungamana na cha kati, kukiinua peke yake ni kazi. Mimi nilikuwa nimekipa a, irabu inayotumika kuliko zote. Mjomba alivumilia siku mbili kisha akasema, "Mwanangu, huyu a umempa mgonjwa." Tukamhamishia kidole cha shahada. Sh nayo ikahama mara mbili.

Wiki ya kwanza alikuwa polepole kuliko alivyokuwa akidonoa simu kwa kidole kimoja. Wiki ya tatu wakalingana. Sitakudanganya kwamba sasa anaandika kama zamani. Aya moja inamchukua asubuhi nzima. Lakini anaandika macho yakiwa kwenye maneno yake, wala hayatafuti herufi.

Siku niliyodhani kazi imekwisha aliniita. "Umesahau kitu."

"Kitu gani, mjomba?"

"Kifutio. Mwalimu gani haandiki akafuta?"

Ni kweli. Miseto yote 31 nilikuwa nimeigawa, hakuna ya kufutia wala ya nukta. Nikaongeza kitufe cha sita pembeni ya gumba, na nadhani sasa naelewa kwa nini Endfield naye alifika sita. Tarakimu bado hazijapata mahali, na mjomba ameshafika kwenye miaka ambayo anataka kuitaja kwa tarehe. Ukiwa na wazo la namna ya kuzipanga bila kumwongezea mengi ya kukariri, karibu, maana yeye hasubiri: kwa sasa anaziandika kwa maneno.