Shira na Mwenzake Asiyeonekana

Februari, kaskazi ikivuma, nyota ya Shira hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama ufukweni Msimbati. Huwa ni saa tatu usiku hivi. Ikiwa mwezi haupo, wavuvi wa dagaa wameshawasha taa zao baharini, na upande wa kusini, mlangoni mwa Ruvuma, mikoko ni weusi mtupu. Hakuna nyota ya usiku inayong'aa kuliko Shira, na wasomaji wa Sura ya Najm wanaijua kwa jina hilo. Lakini ubavuni pake ipo nyota ya pili ambayo jicho haliwezi kuitenga. Hiyo ndiyo iliyo karibu nasi kuliko nyota zote za jamii iitwayo vibete vyeupe. Nuru yake husafiri miaka 8.6 kabla ya kutufikia.

Nyota hiyo ilishukiwa kabla ya kuonwa. Mwaka 1844 mwanafalaki Mjerumani, Friedrich Bessel, alitangaza kwamba Shira haiendi njia iliyonyooka. Inayumba kidogo kidogo, kama mtumbwi uliolemewa upande mmoja, na mzigo wenyewe hauonekani. Ikapita miaka 18. Usiku wa 31 Januari 1862, karibu na Boston, Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu lenzi ya sentimita 47 iliyotengenezwa katika karakana ya baba yake. Alipoielekeza kwa Shira akaona nukta hafifu pembeni, pale pale ambapo hesabu zilisema kuna kitu. Septemba ya mwaka huohuo David Livingstone na John Kirk walikuwa wakipanda Ruvuma kwa mashua, wakitafuta njia ya maji ya kuingilia bara, nao mto ukawashinda. Habari ya Livingstone nilifundishwa shuleni. Ile ya Clark niliisoma nikiwa mtu mzima, na nilisikitika kuchelewa kuijua.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Mwaka 1915, huko Mount Wilson, California, Walter Adams alichanganua mwanga wa nukta ile akakuta ni nyota yenye joto kali. Nyota ya moto namna hiyo ingepaswa kung'aa sana, ila hii ni hafifu, kwa hiyo lazima iwe ndogo mno. Leo tunajua kwamba uzito wake ni kama wa jua letu, nao umeshindiliwa ndani ya umbo lisilozidi dunia. Kipande chake chenye ukubwa wa korosho moja iliyobanguliwa kingezidi tani 2, yaani magunia 20 na ushee ya korosho yaliyojaa. Jina la kibete cheupe lilitolewa na Willem Luyten mwaka 1922. Miaka minne baadaye Ralph Fowler alieleza kwa nini nyota kama hiyo haiporomoki: elektroni zikibanwa kupita kiasi hukataa kukaa mahali pamoja, na ukaidi huo ndio nguzo yake.

Mwishoni mwa Julai 1930 kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli Bombay kwenda Ulaya kusoma. Alivuka Bahari ya Arabu wakati wa kusi, bahari ileile iliyozoewa na majahazi ya pwani yetu. Ndani ya meli alipiga hesabu akagundua kwamba nguzo ya Fowler ina kikomo. Kikomo hicho tunakitaja leo kuwa kama mara 1.4 ya uzito wa jua. Kibete kikizidi hapo hakiwezi kujishikilia. Mwaka 1935 Arthur Eddington, mkubwa wa fani hiyo Uingereza, alimpinga mbele ya watu. Kijana ndiye aliyekuwa na haki. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vibete hivi ni makaa yanayopoa tu. Kisha mwaka 1968 Mmarekani Arlo Landolt akatangaza kwamba kibete kimoja katika kundinyota la Ng'ombe, HL Tau 76, hung'aa na kufifia kila baada ya dakika 12 na nusu hivi. Mawimbi yalikuwa yakipita ndani yake, yakipasha uso joto hapa na kuupoza pale. Mnunuzi wa nazi sokoni haipasui. Huitikisa sikioni akasikiliza maji, akajua hali ya ndani. Wanafalaki walianza kufanya vivyo hivyo: kwa kupima mapigo ya nyota wakakadiria uzito wake, mzunguko wake, na unene wa tabaka la haidrojeni lililoifunika. Kwa njia hiyo kibete kimoja cha Kantarusi, kundinyota lililo jirani ya Msalaba wa Kusini, kilitajwa mwaka 2004 kuwa sehemu kubwa ya kiini chake imeshaganda kuwa fuwele.

Pwani yetu nayo inaingia katika historia hii, na hapa ndipo moyo wangu unapokaa. Eksirei za nyota hazipenyi hewa ya dunia, hivyo lazima zipokelewe kutoka juu. Zaidi ya kilomita 800 kaskazini mwa Mtwara, baharini Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco, kwa kuwa roketi inayorushwa karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na Marjorie Townsend, mkuu wa mradi huo upande wa Marekani, akaipa jina la Uhuru.

Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na herufi U katika majina yao ni U ya Uhuru. Kimojawapo ni 3U 1809+50, katika kundinyota la Rakisi. Mahali hapo palikuwa na nyota, AM Herculis, iliyojulikana tangu 1923 kwamba mwanga wake hubadilikabadilika, lakini sababu haikujulikana. Mwaka 1976 satelaiti SAS-3, nayo iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile la Ngomeni, iliipima. Mwaka huohuo Santiago Tapia akagundua kwamba mwanga wake umepangwa na sumaku. Mle ndani mna kibete cheupe chenye usumaku unaozidi wa dunia zaidi ya mara milioni 10. Kinanyonya gesi ya nyota jirani na kuimwaga kwenye ncha zake za sumaku, na nyota hizo mbili huzungukana kwa saa tatu na dakika chache. Zilizofanana nayo zilipatikana baadaye, zikawa ukoo mzima.

AM Herculis inaonekana Mtwara. Usiku wa Julai na Agosti hupanda hadi kama digrii 30 juu ya upeo wa kaskazini, na inapokuwa katika hali yake ya kung'aa, darubini ya kioo cha sentimita 20 inatosha kuifikia. Mtu akiitafuta kutoka Mikindani huwa ameelekeza uso wake upande wa Malindi.