Nzi weupe wa kunde (Thika na Ruiru)

Nzi weupe (Bemisia tabaci) ni wadudu wafyonzaji wa oda moja na vidukari, wenye urefu wa milimita 1 hivi. Katika mashamba ya mboga ya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, hushambulia kunde, nyanya na maharagwe.

Jike hatagi popote tu. Hutafuta jani changa, huingia upande wa chini na kulipachika yai kwa kikonyo kinachozama ndani ya jani, ambamo yai hufyonza maji. Yai hilo, la milimita 0.2 tu, huwa jeupe, kisha hugeuka kahawia likikaribia kuanguliwa. Tunutu anayetoka hutambaa kidogo, huchomeka mdomo na kutulia papo hapo hadi apevuke. Mama akikosea jani, watoto hawana pa kuhamia.

Kinachomvuta jike au kumfukuza ni rangi ya jani, unene wake, kemikali zake na hasa vinyweleo. Kwenye pamba, majani yenye vinyweleo kwa kawaida hupata mayai mengi kuliko yaliyo laini. Lakini vinyweleo vyenye ute, kama vya baadhi ya nyanya pori, humnasa. Kwa hiyo mbegu za kunde zinazojulikana nchini, kama K80 na M66 zinazochumwa majani na kuvunwa punje, hazipaswi kudhaniwa kuwa sawa mbele ya mdudu huyu.

Jaribio la kuzilinganisha ni rahisi. Miche ya umri mmoja ya mbegu mbalimbali hupangwa ndani ya kizimba cha wavu, nzi huachiwa katikati, kisha mayai huhesabiwa kwa hadubini. Lakini jaribio hilo pekee halitoshi: mbegu inayokwepwa penye chaguo huweza kujaa mayai ikiwa peke yake, na wakulima wengi hupanda mbegu moja shambani. Lazima kila mbegu ijaribiwe pia ikiwa pekee.

Suala la kuchagua mbegu ni zito zaidi kwa kunde za majani. Mboga inayochumwa mara kwa mara haiachi nafasi ya kusubiri sumu ya dawa iishe kabla ya kuliwa. Anayelima kunde Ruiru au Thika ageuze kwanza majani machanga na kuyakagua kwa kioo cha kukuzia. Akiona mayai mengi mwaka hadi mwaka, abadili mbegu kabla ya kununua dawa.