Utemini na Majina Yaliyokuja kwa Msafara

Kata ya Utemini, mjini Singida, ina jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili analielewa mara moja: ni utemi, yaani mamlaka ya mtemi, na kiishio cha mahali. Atakayetegemea jina hilo peke yake atasema Wanyaturu, wenyeji wa Singida, walitawaliwa na watemi tangu enzi na enzi. Tarehe inamkanusha. Mtemi ni cheo cha Wanyamwezi na Wasukuma, majirani wa magharibi. Harold Schneider na Marguerite Jellicoe, waliowachunguza Wanyaturu kwa kina, wanaeleza jamii iliyosimama juu ya koo na wazee wake, bila mfalme wa nchi nzima. Utawala wa Kijerumani ulihitaji mtu mmoja wa kumwamuru na kumdai kodi, ukamweka. Waingereza nao, wakati wa Gavana Donald Cameron, wakamthibitisha kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926. Vyeo hivyo vilifutwa mwaka 1963, neno likabaki. Ndiyo maana nashikilia kwamba jina ni ushahidi wa aliyelipeleka jambo sokoni au ofisini, na si ushahidi wa aliyelianzisha.

Mfano ulio dhahiri kuliko wote uko mbali na Singida. Waingereza huita chow-chow mbwa mmoja wa Kichina mwenye manyoya mengi na ulimi wa buluu, na neno hilohilo ni jina la kachumbari ya kuhifadhi, ambayo huko Pennsylvania na kusini mwa Marekani hutengenezwa kwa kabichi, nyanya mbichi, siki na haradali. Mbwa na chupa ya siki vina undugu gani? Bandari tu. Katika Kiingereza cha wachuuzi wa Canton, bandari ya China, chow-chow ilikuwa chakula, na pia mchanganyiko wa vitu, na wengi wanadhani mbwa huyo alipata jina kwa kupakiwa pamoja na shehena ya mchanganyiko. Mwanaasili wa Kiingereza Gilbert White alimweleza mbwa wa aina hiyo kutoka Canton, mpaka ulimi wake, katika kitabu cha mwaka 1789, bila kumwita chow-chow. Wachina wenyewe humwita songshi, jina linalomfananisha na simba. Mnyama alitangulia, neno likamfuata.

Yupo atakayepinga kwamba jina likiwa geni, huenda ujuzi nao ni mgeni, akataja achari: neno la Kiajemi lililofika pwani yetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na embe na ndimu za kutiwa chumvi na pilipili. Kwa achari nakubali. Kitu na jina vilisafiri pamoja. Lakini hilo haliwafanyi watu wa bara kuwa wanafunzi wa pwani katika kuhifadhi kitoweo. Singida ni nchi kame, mvua yake ni ya msimu mmoja, na mama wa huko hukausha majani ya mlenda juani, akayatwanga, akayaweka yamsubiri kiangazi. Hakuna meli iliyomletea kazi hiyo. Basi mwenye kuandika tarehe ya Utemini aanze na koo, mashamba ya mtama na akiba ya mlenda. Kiti cha mtemi kina sura yake, nayo ni fupi.