Mama aliyenyang'anywa mtoto kwa kukosa imani



Kila tunapokaribia Mfunguo Sita, simuni huingia ule ujumbe wa "wasiokuwa Waislamu walivyomsifu Mtume wetu (S.A.W.)". Yumo Mfaransa, yumo Mhindi, na mara nyingi yumo mwanamke wa Kiingereza anaitwa Annie Besant. Tunasoma, tunasema mashaallah, tunawatumia wengine. Leo nataka nikuhadithieni huyu mwanamke ni nani, kwa sababu miaka mingi kabla ya kumsifu Mtume alikuwa mulhidi, mtu asiyeamini Mungu, tena wa kusimama jukwaani na kusema. Na watu wa dini wa nchi yake walimfanyia jambo ambalo kila aliyewahi kubeba mimba litamchoma.

Alizaliwa London mwaka 1847, jina lake la kwao Annie Wood. Msidhani alikuwa mtoto aliyelelewa ovyo. Alikuwa mcha Mungu kuliko rika lake, akifunga, akisoma vitabu vya mababa wa kanisa lao. Alipofika miaka 20, mwaka 1867, akaolewa na kasisi, Frank Besant. Mume mwenyewe hakumjua vizuri. Alichokipenda ni ile fikra ya kuwa mke wa kasisi, maana kwa macho yake hakuna mwanamke aliye karibu na kazi ya Mungu kuliko huyo. Na hapa nawaomba bibi harusi watarajiwa mtege sikio: mama yake alimpenda sana akamkinga na kila neno la unyumba, mpaka usiku wa harusi akaingia chumbani hajui chochote. Baadaye aliandika kwamba ndoa nyingi zinaharibika hapo hapo mwanzoni kwa ule mshtuko. Siku hizi wako wanaowacheka masomo wetu, wanasema ni mambo ya kizamani. Annie hakuwa na somo.

Ndoa haikuwa na raha. Alisimulia kwamba mume alimpiga. Wakapata mtoto wa kiume, Digby, mwaka 1869, na wa kike, Mabel, mwaka 1870. Kabla Mabel hajatimiza mwaka akashikwa na kifaduro kikali. Kwa wiki kadhaa mama alimpakata usiku na mchana, kila kikohozi akidhani ndicho cha mwisho. Mtoto akapona. Mama yake ndiye ambaye hakupona, kwani pale kwenye ugonjwa liliingia swali: Mungu mwenye rehema anakitesa hiki kitoto kwa kosa gani?

Swali hili kalijua kila aliyewahi kukesha wodi ya watoto. Tofauti ni kwamba sisi wengi tunalimeza.

Yeye alikwenda kutafuta wa kumjibu. Alisafiri mpaka Oxford kwa Pusey, mzee mkubwa kabisa wa elimu ya dini katika kanisa lao. Pusey hakumuona kama mtu aliyekuja kuuliza, alimuona kama mwenye dhambi aliyekuja kutubu. Alimwambia amekwisha kusoma kupita kiasi na asisome zaidi. Annie akarudi na swali lake vile vile, zito kuliko alivyokwenda nalo.

Mimi nikisoma habari hii nakumbuka darsa ya Suratul Baqara, pale Nabii Ibrahim (A.S.) alipomuomba Mola wake amuoneshe vipi anahuisha wafu. Si kwamba hakuamini, alitaka moyo utulie, na hakufukuzwa. Aliambiwa achukue ndege wanne. Na iko hadithi katika Sahihi Muslim ya masahaba waliokuja kwa Mtume (S.A.W.) wakasema wanajiwa na fikra ambazo hawathubutu hata kuzitamka. Hakuwakaripia. Aliwaambia kule kuziogopa kwao ndiyo imani yenyewe. Sasa jiulize, ni madrasa ngapi msichana wa miaka 16 anaweza kunyoosha mkono akauliza swali kama la Annie, akarudi nyumbani bila ya kuitiwa mama yake?

Mwaka 1872 Frank alipewa kanisa la kijiji cha Sibsey, mashariki ya Uingereza. Homa ya matumbo ilipoingia kijijini Annie aliingia majumba ya watu akiuguza wagonjwa. Lakini ibada ya kula mkate na kunywa divai, ambayo kwao ni kama kukiri imani mbele ya watu, alikuwa hawezi tena kuifanya bila ya kujihisi mnafiki. Mara ya kwanza alipoinuka akatoka kanisani, majirani walikuja kumpa pole, wakidhani kashikwa na maradhi ghafla. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya jamii kwa asiyeamini, na ilikuwa hukumu ya upole: hawakuweza hata kufikiri kwamba mtu mwema anaweza kukosa imani.

Mwaka 1873 mume alimpa sharti: ashiriki ibada au ahame. Akahama, na Mabel mkononi. Digby alibaki kwa baba. Hati ya kutengana ndivyo ilivyosema.

Mwaka uliofuata mama yake Annie alikuwa kitandani anakufa. Alitaka ibada ile ya mwisho, lakini akasema hatoifanya bila ya mwanawe. Bora apotee naye kuliko kuokoka peke yake. Makasisi wawili walikataa kumhudumia mwanamke asiyeamini. Annie akaenda kwa mgeni asiyemjua, Stanley, mkuu wa kanisa la Westminster. Akamueleza ukweli wote bila ya kuficha kitu. Stanley akaja. Akakaa na mgonjwa, akazungumza na binti kwa heshima, akawapa wote wawili. Pusey na Stanley walikuwa wa kanisa moja, na Annie mpaka uzeeni alimtaja Stanley kwa shukurani.

Mwaka huo huo, 1874, alijiunga na chama cha watu wasio na dini kilichoongozwa na Charles Bradlaugh. Ili mjue watu waliwaonaje, ni lazima turudi nyuma kidogo. Tangu karne ya 17 John Locke, yule yule anayesifiwa kwa kutetea uhuru wa dini, aliandika kwamba mkana Mungu asivumiliwe, kwa sababu ahadi, mkataba na kiapo havimfungi. Na kweli, Uingereza yote ilikwenda kwa kiapo. Mpaka mwaka 1869 mtu asiyeamini Mungu hakuweza kutoa ushahidi mahkamani, hata akiwa yeye ndiye aliyeibiwa. Bradlaugh alipochaguliwa kuwa mbunge mwaka 1880 alizuiwa kukaa kitini, akafungwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa bunge, akachaguliwa tena na tena na watu wake wa Northampton, na kitini hakukaa mpaka 1886. Mwanamme alinyimwa kiti. Mwanamke alinyimwa kingine.

Mwaka 1877 Annie na Bradlaugh walichapisha upya kijitabu cha daktari mmoja wa Marekani kuhusu kupanga uzazi kwa waliooana. Wakashtakiwa kwa uchafu, wakahukumiwa kifungo, halafu hukumu ikaanguka kwa kasoro ya kisheria. Hapo Frank akapata mlango. Mwaka 1878 alikwenda mahkamani kumtaka Mabel, akitaja mambo mawili: kijitabu kile, na kwamba mama hampi mtoto mafunzo ya dini.

Jaji alikuwa Sir George Jessel. Hakusema kwamba Annie ni mama mbaya. Alikubali kuwa mtoto katunzwa vizuri na kwa mapenzi. Alichosema ni kwamba kumnyima mtoto dini ni jambo la kuchukiza, na kwamba mwanamke mwenye mwenendo huu atakimbiwa na wanawake wenzake. Aliuliza ni mke gani wa kasisi atakayekubali kukaa naye. Basi msichana akilelewa hapo atakuwa na mashoga gani? Wanawake wenzake Annie hata hawakuwepo mahkamani, lakini kuogopewa kwao kulipimwa kama ushahidi. Mtoto ahamishwe.

Jambo moja kuhusu jaji huyu halinitoki kichwani. Jessel alikuwa Myahudi, wa kwanza wa watu wake kuwa jaji wa mahkama kuu za Uingereza. Wayahudi wenyewe walizuiwa kuingia bungeni mpaka 1858 kwa sababu kiapo kilitaka waape kwa imani ya Kikristo. Aliyeonja uchungu wa kufungiwa mlango alimfungia mwengine, na sidhani kama aliona kufanana kokote.

Mabel alikuwa na miaka 7. Alichukuliwa analia kwa ukelele, na mama aliugua homa kali baada ya hapo. Mwaka 1879 mahkama ya rufaa ilimpa ruhusa ya kuwaona watoto, lakini akaona kila ziara inawaumiza. Akaamua asiwaone wala asiwaandikie mpaka wawe wakubwa wa kujiamulia.

Najua mtaniuliza: na sisi je? Ingekuwa rahisi niseme Uislamu usingefanya hivyo nikafunga mjadala. Mama yake Asma bint Abubakar (R.A.), aliyekuwa bado mshirikina, alimjia mwanawe Madina wakati wa mkataba na Makureshi. Asma akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama aungane naye. Akaambiwa amuunge mama yake. Tunaipenda hadithi hii, na tuna haki. Lakini Asma alikuwa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo, fiqhi tuliyosomeshwa hapa visiwani, ya Imam Shafi, inataka mlezi wa mtoto wa Kiislamu awe Muislamu. Wahanafi wanamuachia mama Myahudi au Mkristo mpaka mtoto aanze kuifahamu dini, ila aliyeritadi hawamuachii. Kwa hiyo Jessel na makadhi wetu wa zamani wangeelewana zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Mimi si mwanachuoni na sibishani na hukumu. Ninachosema ni kwamba tusiisome habari ya Annie kama ya watu wa mbali.

Na kwa bibi harusi: asiyeamini Mungu si mume wako, hata akiwa na jina la Kiislamu na familia ya wacha Mungu. Swali hili liulizwe mapema, wakati wa posa, na lijibiwe kwa sheikh, si kwa mashoga. Ila kuna tofauti kubwa baina ya kukataa posa na kumtoa mtu katika watu. Nimeshaona jina la msichana likiondolewa katika orodha ya sare za harusi ya ndugu yake kwa uvumi tu kwamba "siku hizi hasali". Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Kitambaa chake kilikatwa kikapewa mwengine.

Turudi London. Locke alisema mkana Mungu hafungiki na wajibu wowote. Mwezi wa Juni 1888, Annie akiwa bado hana dini, aliandika gazetini kuhusu wasichana wa kiwanda cha vibiriti cha Bryant & May. Walilipwa shilingi 4 mpaka 8 kwa wiki, halafu wakikatwa faini kwa miguu michafu, kwa kuchelewa, kwa kuzungumza. Fosforasi ya vibiriti iliwaozesha mataya. Wengine walibeba masanduku kichwani mpaka nywele zikatoka. Wenye hisa za kampuni walikuwemo makasisi, na aliwaambia wawapakate mabinti zao wenyewe, wawapapase nywele, kisha wafikiri faida yao inatoka wapi. Kampuni ikawataka wafanyakazi watie saini kwamba ameandika uongo. Wakakataa. Mwezi wa Julai wanawake na wasichana kiasi cha 1,400 wakatoka kazini, na baada ya kama wiki mbili faini zikafutwa na wakaruhusiwa kuunda chama chao. (Sisi wenye vyumba vya ushoni tunaokata pesa kwa sindano iliyovunjika tuisome vizuri sehemu hii.)

Mwaka 1889 Annie aliacha kukana Mungu. Si kwa sababu ya Pusey, wala ya Jessel. Alisoma kitabu cha Madame Blavatsky, akaingia Theosofia, imani inayochanganya mafunzo ya dini nyingi, na mwaka 1893 akahamia India. Akafungua chuo Banaras, akapigania India ijitawale, na mwaka 1917 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha Congress. Huko ndiko alikotoa mihadhara ya kumsifu Mtume wetu, ile inayotufikia simuni. Alifariki 1933.

Frank alibaki kasisi wa Sibsey mpaka alipokufa mwaka 1917. Hawakupeana talaka. Watoto wao, Digby na Mabel, kila mmoja alipofika umri wa kujiamulia, alitoka kwa baba akaenda moja kwa moja kwa mama yake.